Nane juu ya Kumi

Kundi letu tulilianzisha mimi na Seleman, muuza spea, hapa Kibiti, baada ya kubishana nusu siku juu ya muvi moja ya Kihindi. Yeye alisema hajaona nzuri kama ile, mimi nikasema mwisho wake umeharibika. Wateja wakaingilia, kila mmoja na lake, mpaka Seleman akaniambia, "Nusaiba, fungua kundi kwenye simu tubishane huko. Hapa tunafukuza watu." Nikafungua. Nikaliita Muvi na Maksi.

Utaratibu haukuwa mgumu. Kila Alhamisi mtu mmoja anapendekeza muvi, tunaitazama kila mtu kwake, na Ijumaa baada ya swala tunatuma maoni kwa sauti. Mwisho wa maoni lazima useme unaipa ngapi juu ya kumi. Tulifika watu kumi na wanane: walimu wawili, mama lishe wa stendi, bodaboda kadhaa, nesi mmoja. Mimi nina steshenari karibu na stendi, natoa kopi na kuchapa barua, kwa hiyo nilisikiliza voisi za wote huku mashine inatema karatasi.

Mwanaidi nilimwingiza mwenyewe. Alikuwa fundi cherehani, kibaraza chake kinatazamana na mlango wa duka langu. Alihamia Kibiti na mumewe Iddy na binti yao mdogo, Warda, mwaka ule wa mafuriko makubwa. Tulijua tu kwamba katoka bondeni, upande wa Mtunda, na kwamba maji yaliwaharibia. Watu wengi walitoka huko mwaka ule na hatukuwa tukiulizana sana. Iddy aliendesha bodaboda. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, na jioni alimpitia mkewe wakafunga kibaraza wakaondoka pamoja.

Mwanaidi alitazama muvi kwa jicho la fundi. Sauti yake ilikuwa ya taratibu, hata haionyeshi kama anatania. "Huyu malkia wanasema ni wa zamani za kale," alituma siku moja, "lakini nimeona zipu mgongoni. Nne." Siku nyingine: "Jambazi kapigwa risasi ya kifua, shati halina tundu, na kola imepigwa pasi. Tatu, na hizo ni za pasi." Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Hakuwahi kuvuka saba kwa muvi yoyote, na Ijumaa ikifika watu walikuwa wanasubiri yake ndipo wajue kama wao wametazama vizuri.

Basi mwaka huu, mvua za vuli zilipokwisha, Yussuf akatengeneza muvi yake. Yussuf ni kijana wa hapahapa, anapiga picha za harusi na mahafali, na siku zote alikuwa anasema ana ndoto kubwa zaidi ya harusi. Aliipiga bondeni kwa siku tisa, akatumia waigizaji wa mjini kwetu, akaiita *Siku Maji Yalipopanda*. Ilikuwa ya dakika arobaini. Aliiweka mtandaoni siku ya Alhamisi, akatutumia kundini na maneno haya: "Dada zangu na kaka zangu, msinionee huruma. Semeni ukweli."

Nikaitazama dukani mchana uleule. Ilihusu mwanamke anayelinda mpunga bondeni, anaishi na mtoto wake wa kike kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunacholalia msimu wa shamba ili kufukuza ndege na nguruwe. Maji yanapanda. Nguzo zinatikisika. Mtumbwi unakuja, na yule mama, badala ya kumshika mtoto, anarudi ndani kuchukua kichwa cha cherehani yake. Wanapoteremka majini anashika cherehani mkono mmoja na mtoto mkono wa pili. Mkondo unawazidi. Anaachia mkono mmoja, na si wa cherehani. Picha ya mwisho inamwonyesha kambini, amekaa chini, cherehani iko mbele yake, na watu wote wamempa mgongo.

Niliyoyasema Ijumaa nayakumbuka neno kwa neno, maana nimeyasikiliza tena mara nyingi. Nilisema: "Mashaallah Yussuf, picha safi, na mvua inasikika kama mvua. Yule mama kaigiza vizuri mpaka nimemchukia. Cherehani huku, mtoto huku, na anamwachia mtoto! Wanawake wa namna ile wapo, tusidanganyane. Naipa nane." Na mwishoni nilicheka kidogo.

Seleman alitoa tisa. "Ningekuwa mume wake," alisema, "asingekanyaga mlango wangu tena." Nesi alitoa saba, akasema mtoto aliigiza kuliko wakubwa. Mmoja wa walimu alisema muvi ingemfuata mama mahakamani ingefika kumi. Yussuf alikuwa anajibu kila mtu kwa vikopa.

Mwanaidi hakutuma kitu. Ilipofika saa kumi nikamwandikia mbele ya wote: "Fundi, tunasubiri maksi zako. Leo mkasi umepotea?"

Nilimwona ng'ambo ya barabara amekaa nyuma ya cherehani yake, simu iko mkononi. Hakuinua uso. Baadaye akafunga kibaraza kabla Iddy hajampitia.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nafungua duka, akaja. Hakusalimu, na Mwanaidi si mtu wa kuingia mahali bila salamu. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akaweka simu juu ya kaunta.

"Nusaiba," akasema, "umeipa nane."

"Ndiyo. Wewe umeionaje?"

"Nataka uniambie hizo nane ni za nini."

Nilidhani ni utani wake. Nikaanza kuhesabu: picha, sauti, yule mama anavyolia. Nikaona mikono yake imeshikana mapajani.

"Yule mtoto alikuwa anaitwa Yasmin," akasema. "Alikuwa na miaka sita. Yule mama ni mimi."

Nakumbuka nilikuwa nimeshika rimu ya karatasi na sikujua pa kuiweka. Nilitaka kusema kitu, lakini lililonijia mdomoni ni lile nililokwisha kulisema jana yake, kwamba wanawake wa namna ile wapo. Nikakaa. Nikavuta mlango nusu ili watu wasiingie.

Akanisimulia. Alisimulia kama anavyosimulia muvi, taratibu, bila kupandisha sauti, na nadhani hakujua njia nyingine ya kusimulia.

Msimu ule Iddy alikuwa Dar es Salaam kwenye kibarua cha ujenzi. Mwanaidi alikuwa bondeni na mama mkwe wake, Bi Mwanabaraka, na watoto wawili: Yasmin, na Warda aliyekuwa wa miezi minane. Cherehani waliishusha huko kwa sababu msimu mzima watu wa bondeni walikuwa wanamletea nguo za kushona na kutia viraka. Maji waliyazoea. Kila mwaka yanapanda, yanashuka, watu wanaendelea. Mwaka ule yalipanda asubuhi, na kufikia adhuhuri yalikuwa yamefunika ngazi ya dungu.

"Jirani yetu Abdalah akaja na mtumbwi," alisema. "Alikuwa kashapakia mzee mmoja na mkewe. Akamchukua Mama. Mvua ilikuwa kubwa, hatusikilizani. Niliona Mama amekaa na kapu mapajani, na ndani ya kapu kichwa cha cherehani. Sikukitia mimi. Nikamwinua Yasmin nimpe Abdalah. Abdalah akageuka, akasema na Mama, sikusikia nini. Kisha akanifanyia hivi." Mwanaidi akainua kiganja, akakitikisa kidogo. "Pamejaa. Akasema kwa kelele, narudi. Nikamrudisha Yasmin juu."

"Akarudi?"

"Alirudi. Sisi tulishaanguka."

Nguzo ya upande wa mto ndiyo iliyotangulia. Dungu likalala ubavu, wakaingia majini wote watatu. Mwanaidi alikuwa na Warda mgongoni kwa khanga na Yasmin mkononi, na mkono wa pili ameshika mti wa dungu ulioelea. Maji yakailegeza khanga. Akamhisi Warda anateleza ubavuni, anazama.

"Nilikuwa na mikono miwili tu, Nusaiba. Ulioshika mti nikiuachia, tunakwenda wote. Nikamwambia Yasmin, shika gauni la mama. Shika kwa mikono yote miwili, usiachie. Akashika. Nilimhisi ameshika. Nikauondoa mkono wangu kwake, nikamdaka mdogo wake. Nilipomrudia..." Akaigeuza simu kifudifudi. "Alishika kwa muda mrefu. Nataka ulijue hilo. Hakuachia upesi."

Abdalah aliporudi aliwaopoa yeye na Warda. Maiti ya Yasmin waliipata siku ya pili, kwenye mashamba ya juu, imenasa kwenye mabua ya mahindi. Iddy alifika siku ya tatu. Huko shuleni walikohifadhiwa watu wa mafuriko, alimkuta mkewe amekaa na Warda, na kando yake kichwa cha cherehani, kwa sababu Bi Mwanabaraka alimletea akakiweka pale. Watu walimwona na cherehani, hawakumwona na mtoto. Mengine wakajijazia wenyewe.

"Nilikuwa nasikia wakinong'ona," alisema. "Nikasema moyoni, waache. Mama mkwe anajua. Iddy ananijua. Wanatosha. Sasa niambie, yule Yussuf kaipata wapi habari ya cherehani?"

Nikampigia Yussuf simu, nikamwambia aje dukani, na nikamwambia aje peke yake.

Alikuja anatabasamu. Alidhani ni mambo ya pongezi. Nilipomwambia yule aliyekaa mbele yake ni nani, akashika ukingo wa kaunta. Yule kijana ni mrefu, lakini alinywea mbele ya macho yetu.

"Dada, wallahi sikujua," akasema. "Wallahi, dada Mwanaidi."

"Sikukuuliza kama ulijua. Nani alikusimulia?"

Akanitazama mimi, kana kwamba naweza kumwokoa. Kisha akasema polepole, "Kaka Iddy. Alinipeleka Nyamisati kupiga harusi, njiani pikipiki ikapata pancha, tukakaa kusubiri. Ndipo akanisimulia. Lakini hakusema ni ya kwake. Alisema ni ya jirani yake bondeni. Alisema jirani yake alipoteza mtoto kwa sababu mke aliokoa cherehani."

Mwanaidi hakulia. Aliitikia kwa kichwa mara mbili, kama mtu anayepokea vipimo vya nguo.

"Naifuta sasa hivi," Yussuf akasema, simu tayari iko mkononi.

"Usiifute," Mwanaidi akamwambia. "Kuna mtu mmoja sina hakika kama ameitazama. Nikimaliza naye nitakwambia."

Yaliyopita nyumbani kwao sikuwepo, lakini alinieleza mwenyewe, na baadaye Iddy naye alinieleza, na maneno yao hayakupishana. Iddy alirudi kula mchana. Mwanaidi akampakulia, akasubiri amalize na kunawa mikono, akamwekea simu mbele yake imeegemea jagi la maji. Iddy alipoona dungu na maji alitaka kuinuka. Mwanaidi akamwambia, "Kaa, mume wangu. Utazame mpaka mwisho. Mimi nimetazama mara nne."

Akatazama dakika zote arobaini. Warda alikuwa anachezea vitambaa mlangoni. Ilipokwisha, Mwanaidi akamuuliza, "Ndivyo ilivyokuwa?"

Iddy akasema, "Sikuwepo."

"Najua hukuwepo. Nakuuliza wewe unavyoamini. Miaka yote hii uko nami, unanitazama nakanyaga ile cherehani kila siku, unakula kilichotoka humo. Moyoni mwako, ndivyo ilivyokuwa?"

Hakujibu upesi. Mwanaidi aliniambia kule kuchelewa kujibu ndiko kulikomkata zaidi ya muvi yenyewe. Hatimaye Iddy akasema, "Nilisikia hivyo kambini, kabla sijakuona. Nikasema nitakuuliza. Nilipokuona nikashindwa. Nikasema nitakuuliza arobaini ikipita. Arobaini ikapita. Niliogopa, Mwanaidi. Niliogopa nikikuuliza utaniambia ndiyo, na mimi sitaki kukuacha."

"Ukaona bora ukae na mimi unaniona muuaji."

"Nikaona bora nisijue."

"Na Mama? Hukumuuliza Mama?"

"Nilimuuliza. Aliinama, hakusema kitu. Nikadhani anakufichia aibu."

Hapo ndipo Mwanaidi alipomsimulia, kwa mara ya kwanza, tangu ngazi ilipofunikwa mpaka gauni lilipokuwa jepesi. Iddy alitoka ukumbini akaenda kusimama uani, ameegemea ukuta. Aliporudi akampigia magoti mkewe, na Mwanaidi akamwambia ainuke, mtoto anatazama.

Kesho yake Jumapili Mwanaidi akanijia tena. Safari hii alisalimu. "Tunakwenda Mtunda kwa Mama," akasema. "Nataka uje."

"Mimi? Mambo ya nyumbani kwenu?"

"Jana ulisikia yangu. Nataka usikie na ya huko. Halafu sitaki kukaa njia nzima peke yangu na Iddy."

Ningekataa vipi? Warda tukamwacha kwa mama yangu. Iddy akatupakia wote wawili kwenye pikipiki, mshikaki, mimi mwisho. Lami tuliiacha, tukaingia barabara ya udongo yenye mashamba ya mihogo na mikorosho huku na huku, na kila tulipokuwa tukikutana na mtu Iddy alikuwa anapiga honi ya salamu, kwa sababu ndiko kwao, wote wanamjua.

Bi Mwanabaraka tulimkuta barazani anapeta mchele. Ni mwanamke mwembamba, mgongo umeanza kupinda. Alipotuona watatu, ungo ukasimama mikononi.

"Karibuni wanangu," akasema. "Heri?"

"Heri, Mama. Shikamoo," Mwanaidi akasema.

"Marahaba, mkwe wangu."

Tukatandikiwa mkeka. Nikatambulishwa. Akataka kutuandalia chai, Mwanaidi akamzuia. Akamweleza habari ya muvi kwa maneno machache: kwamba kijana mmoja kaitengeneza, kwamba watu wameitazama, na kwamba ndani yake yeye ni mama aliyechagua cherehani. Hakumlaumu. Alimuuliza kitu kimoja tu.

"Mama, Iddy alikuuliza, ukanyamaza. Wewe ulikuwa mtumbwini. Kwa nini hukumwambia?"

Bi Mwanabaraka aliuweka ungo chini. Akaanza kuokota punje zilizomwagika mkekani, moja moja, anazirudisha. Iddy akasema, "Mama." Akaendelea kuokota. Nilidhani hatajibu, na nilianza kufikiria namna ya kuinuka na kuwaacha.

"Abdalah hakukataa kumchukua mtoto," akasema hatimaye, bila kututazama. "Aliniambia mimi. Aliniambia, Mama, toa hilo kapu, tumweke mtoto. Nikamwambia mtoto atakuja na mama yake. Nikamwambia hii cherehani ikienda na maji, hawa watakula nini? Akaniambia tena, toa, Mama. Nikalikumbatia." Akajikumbatia mwenyewe, mikono mitupu. "Ndipo akakupungia wewe."

Nyuma ya nyumba kuku walikuwa wanaparura majani.

"Kapu nililitia mimi," akaendelea. "Hukuliona nikilitia. Nilijua maji yataongezeka lakini sikujua yataongezeka vile. Abdalah alijua. Ndiyo maana alihamia Somanga, hataki kuniona. Iddy aliponiuliza kuhusu mkewe, ulimi haukuinuka. Ningesema si yeye, angeniuliza nani. Nikamwacha abebe yeye." Sasa akamtazama Mwanaidi. "Nimekuachia ubebe wewe, mwanangu. Na kila sikukuu unanishonea gauni."

Iddy aliinuka akasimama mbali kidogo, ametupa mgongo. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu. Moyoni nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe ya Ijumaa, na kicheko cha mwishoni.

Nilimwona Mwanaidi anafungua mdomo, anafumba. Kama angempigia kelele yule mwanamke, nisingemshangaa. Kama angemwangukia, vilevile nisingemshangaa. Hakufanya lolote katika hayo. Alisema, "Nimekusikia, Mama."

Mpaka leo siwezi kusema kama ile ilikuwa samahani. Bi Mwanabaraka naye nadhani hakujua, kwa sababu alimtazama kama anasubiri neno la pili, na la pili halikuja.

"Nitawaambia watu mwenyewe," yule mama akasema. "Wote waliosema. Nawajua."

"Waambie," Mwanaidi akajibu.

Kisha akamgeukia mumewe. "Iddy, nipeleke nikamwone Yasmin."

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba hajawahi kuliona kaburi. Siku ya maziko wanawake walibaki kambini, na yeye alikuwa amelazwa, hajitambui. Baadaye kila alipotaka kuuliza, alimwona Iddy anageuza maneno, naye akadhani ni uchungu wa baba, asimzidishie. Kumbe Iddy alikuwa hataki kumwona amesimama pale, yeye mwenyewe asije akatamka, kwenye kaburi la mtoto, yale aliyokuwa ameyabana kifuani.

Tulikwenda kwa miguu. Bi Mwanabaraka alibaki. Makaburi yako kwenye mwinuko ambao maji hayafiki, nyuma ya msikiti, na siku ile nyasi zilikuwa ndefu. Nilisimama pembeni, karibu na ukingo, nikajifunga mtandio vizuri. Iddy alitafuta kidogo, akainama, akapapasa kwa mkono mpaka akaona mawe mawili. Akamwonyesha mkewe upande wa kichwa na upande wa miguu. Mwanaidi akachutama. Akaupima urefu kwa macho, kisha kwa shubiri, toka jiwe hadi jiwe, kama alivyozoea kupima kitambaa, na alipofika mwisho akaacha kiganja juu ya jiwe. Ndipo akalia. Iddy akachutama karibu naye, akamshika bega, na yeye hakuuondoa mkono ule. Walisoma Fatiha pamoja. Niliisoma na mimi pale nilipokuwa.

Jioni tuliporudi Kibiti, Mwanaidi akamwandikia Yussuf kwamba sasa aifute, na Yussuf akaifuta. Hata hivyo watu walishaipakua na kurushiana, na mara mojamoja bado inanifikia kutoka kwa watu wasiojua. Kundini nilituma voisi ya mwisho. Sikumtaja mtu. Nilisema kwamba muvi ile ilihusu mama wa kweli, kwamba habari yake haikuwa vile, kwamba niliyoyasema juu yake yalikuwa dhuluma na naomba msamaha kwake na kwa Mungu. Seleman alinipigia akauliza ni nani. Nikamwambia si kazi yangu kukwambia. Akasema, "Basi na mimi niombee radhi." Baada ya wiki mbili nikalifunga kundi. Sikuweza tena kusikiliza watu wakisema huyu mkosaji, huyu tano, yule sita.

Bi Mwanabaraka alitimiza. Wiki ileile, tulisikia, alikwenda nyumba kwa nyumba Mtunda nzima, kwa watu waliokuwa naye kambini, akipiga hodi na kueleza. Kuna waliomlilia na kuna waliomfungia mlango. Alipofika nyumba ya mzee yule na mkewe waliokuwa naye mtumbwini, wakamwambia walisikia kila kitu siku ile, na wao pia walinyamaza.

Sasa kila mwezi Iddy anampeleka mkewe Mtunda na Warda amekaa katikati. Wanasafisha kaburi, kisha wanapita kwa Bi Mwanabaraka. Mwanaidi ameniambia hawazungumzi sana, yeye na mkwewe. Wanapika pamoja, mmoja anakuna nazi, mwingine anachagua mchele, na Warda anamsimulia bibi yake habari za shule ya chekechea. Mara ya mwisho, walipokuwa wanaaga, Bi Mwanabaraka alimuuliza Mwanaidi kama anaweza kumsimulia jinsi Yasmin alivyokuwa akicheka, kwa sababu yeye ameanza kusahau. Mwanaidi akaketi tena.